Mafundi wa Viko na Majina Yao

Hapana sababu iliyo dhahiri ya mtu aliyezaliwa Momela, mwalimu mstaafu asiyemiliki ila shamba dogo la mahindi na maharagwe, kuyajua majina ya mafundi wa viko wa Marekani, wala kuweza kumpambanua yule wa Vermont na yule wa Ohio kwa kuitazama kazi ya mikono yao tu. Na wenzangu wa barazani, wanisikiapo nikiyataja majina hayo, hucheka na kuniuliza kama mafundi wenyewe ni wakwe zangu. Wala sikupata kuwa mvutaji wa kutajika. Nilivuta katika miaka ya ujana kwa ajili ya fakhari, nikaacha, nikabakiwa na viko vyenyewe, ambavyo navihifadhi kabatini pamoja na vitabu. Lakini mapenzi yangu kwa ufundi ule yana asili yake, na asili hiyo haikuanzia Marekani, bali ilianzia hapa hapa chini ya Mlima Meru, katika mkasa ambao mwanzo wake haukuwa na uhusiano wowote na tumbaku.

Mwezi wa Novemba 1951, serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Ngare Nanyuki, watu wapatao 3,000, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu; nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wakaelekezwa Kingori, mahali ambapo wengi wao hawakupataka. Kisa hicho kimeandikwa na wenye elimu kunishinda, na kila mwanafunzi wa historia ya Tanzania anajua ya kwamba Kirilo Japhet alisafiri hadi New York mwaka 1952 kuyapeleka malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Lisiloandikwa vitabuni ni habari ya wale waliokataa Kingori na wasiweze kubaki Ngare Nanyuki, wakatawanyika kila mmoja kwa njia yake. Mjomba wangu, ndugu wa kuzaliwa na mama, alikuwa miongoni mwao. Alikuwa kijana asiye na ng'ombe wala mke, aliyejua kuchonga mipini ya majembe na vigoda, akashuka mjini Arusha kutafuta ijara. Na baada ya kupita mikononi mwa maseremala kadhaa, akajikuta katika karakana ya viko.

Wasomaji wa leo huenda wasiamini kwamba Arusha iliwahi kusifika ulimwenguni kwa viko. Katika miaka ya hamsini kazi ya kuchimba jiwe la Sinya ilishika kasi, na Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyokuwa na makao yake Arusha, ikawa inatoa viko vilivyopigwa chapa ya tembo na kuuzwa Ulaya na Marekani kwa jina lile lile tunalolitumia sisi, Kiko. Jiwe jingine lilisafirishwa likiwa ghafi, na mafundi wa Laxey, katika Kisiwa cha Man, wakalichonga wao wenyewe. Hivyo bwana fulani wa London akikaa mbele ya moto wake wakati wa baridi, yamkini mkononi mwake alikuwa amekamata kipande cha ardhi ya Wamasai, na asilijue hilo.

Sinya iko kaskazini-magharibi ya Kilimanjaro, mpakani kabisa na Kenya, katika bonde ambalo zamani za kale lilikuwa ziwa kubwa na ambalo Amboseli ya leo ni salio lake. Maji ya ziwa lile yalipokauka, madini yaliyokuwamo yaliganda katika nyufa za mawe, na miongoni mwa yaliyoganda ni jiwe hilo ambalo Wajerumani waliliita meerschaum, yaani povu la bahari, na wataalamu wa miamba huliita sepiolaiti. Litokapo ardhini lina unyevu na ulaini, na hukatika kwa kisu kama sabuni ya mche. Likikauka huwa gumu na jepesi, na ndani yake mna vitundu visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hunyonya majimaji ya tumbaku na kuuacha moshi ukiwa baridi na mkavu. Jiwe bora kuliko yote, kwa kauli ya wanaojua, ni lile la Eskişehir, nchini Uturuki, jeupe pepepe na jepesi kiasi cha kuelea majini. Letu ni zito zaidi, na weupe wake si wa kutegemewa, kwani aghalabu huwa na wingu la kijivu au rangi ya mchanga. Mafundi wa Arusha, badala ya kuionea haya kasoro hiyo, waliigeuza kuwa tabia ya kazi yao: wakalipaka jiwe rangi za hudhurungi na nyeusi, wakalivika ngozi za wanyama, au wakalitia ndani ya kiko cha mti liwe bitana yake.

Siku ambazo mama alinituma mjini kumpelekea mjomba maziwa ya mgando, nilimkuta kwenye benchi lake, miguu imezama katika vumbi jeupe, naye akinionyesha kazi kwa utaratibu ule ule ambao baadaye mimi nilitumia darasani. Kwanza jiwe huloweshwa, kwani jiwe kavu humcheka fundi na kupasuka. Kisha hukatwa kwa msumeno likafuata umbo linalokusudiwa. Kisha keekee hutoboa tundu la tumbaku na tundu la moshi, na hayo mawili sharti yakutane chini kabisa ya shimo, pasipo kupishana hata kwa unene wa ukucha, maana yakipishana majimaji hutuama na mvutaji husikia malio ambayo hakuyanunua. Baada ya hapo huja kerezo, tupa, patasi ndogo, msasa wa kukwaruza na msasa laini, na mwisho nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ambamo kiko hutumbukizwa kikainywa. Mjomba alikuwa akikishika kiko kilichokwisha, akakiinua dhidi ya mwanga wa dirishani, akakinusa ijapokuwa hakina tumbaku, kisha akakiweka katika sanduku pamoja na vingine. Pale kilipowekwa ndipo kilipopotelea. Kesho yake asingeweza kukitambua katika vingi vilivyofanana, wala hapakuwa na mtu wa kumwuliza kipi ni chake.

Mmarekani wa kwanza niliyemwona kwa karibu nilimwona kwa sababu ya sinema. Shamba la Momela, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la yule mama wa Kijerumani, Margarete Trappe, mwindaji aliyejulikana hadi Ulaya na aliyefariki mwaka 1957, liligeuzwa kambi ya filamu iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutoka mwaka 1962. John Wayne na Hardy Krüger wakawa wanawakimbiza vifaru kwa magari mbele ya macho yetu, na sisi watoto tukaacha ndama wakaingia mashambani mwa watu. Mmoja wa mafundi wa sinema ile, si mwigizaji bali mtu wa nyaya na taa, alikuwa mvutaji wa kiko. Mjomba alikuwa amekuja nyumbani kwa mapumziko, akamwendea na kumwonyesha kiko chake cha jiwe. Wakakaa juu ya gogo, lugha ikiwa ni ile ya vidole na kutikisa vichwa, wakabadilishana: Mmarekani akachukua kiko cha Sinya, na mjomba akapewa kiko cha gunzi la mahindi.

Nyumba nzima ilicheka. Gunzi, ambalo sisi tuliliwashia moto na watoto wakalitumia chooni, lilikuwa limetobolewa, likatiwa mrija na kuvuka bahari. Mmarekani naye alikuwa na kicheko chake: alipoyaona meno ya mjomba, ambayo yalikuwa ya kahawia kama ya watu wengi wa huku tuliokunywa maji ya mito na visima vyenye floridi nyingi kupita kiasi, alimpigapiga begani kwa mapenzi, akidhani amekutana na mvutaji mkongwe asiye na mfano. Mjomba hakuwa akivuta hata kidogo. Alinusa ugoro, kama wazee wengine, uliochanganywa na magadi.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba kiko kile cha gunzi kilikuwa na nasaba tukufu. Katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, palikuwa na mhamiaji wa Kiholanzi, Henry Tibbe, mkereza mbao, ambaye mwaka 1869 alianza kukereza magunzi kuwa viko. Inasemekana mkulima mmoja alikuwa amejichongea kimoja, akakipenda, akamwomba Tibbe amkerezee vingine. Mwaka 1878 Tibbe alipata hati ya ugunduzi wake wa kuyaziba matundu ya gunzi kwa plasta na kulilainisha, na mwaka 1907 kampuni yake ikajiita Missouri Meerschaum Company, yaani ikalipa gunzi la Missouri jina la jiwe la wafalme. Ujasiri huo wanipendeza mno. Wala hawakuishia kwenye jina: ilizalishwa mbegu maalumu ya mahindi yenye gunzi nene na gumu, magunzi yakawa yanakaushwa ghalani muda mrefu kabla ya kuguswa na kerezo, na kampuni ile ingali hai. Jenerali Douglas MacArthur alipigwa picha nyingi akiwa na kiko cha gunzi kirefu mdomoni, na yamkini picha hizo ziliuza viko vingi kuliko tangazo lolote. Chimbo la Sinya lilikuwa na ukomo wake. Konde la Missouri hupandwa upya kila mwaka.

Majina mengine niliyapata kwa rafiki yangu wa baadaye, mwalimu wa Kimarekani tuliyefundisha naye shule moja, ambaye hata aliporejea kwao hakuacha kuniletea, kwa mikono ya wapanda mlima waliokuja Meru, magazeti ya wapenzi wa viko na mara moja moja kiko chenyewe. Kwake nilijifunza kwamba katika miaka ya sabini, wakati viwanda vikubwa vya Marekani vilipokuwa vikipunguza kazi, vijana walitokea mmoja mmoja, kila mmoja katika banda lake nyuma ya nyumba, wakaanza kuchonga viko vyao wenyewe kwa shina la mti uitwao kwa Kilatini Erica arborea, litokalo nchi za kandokando ya Bahari ya Kati. Mark Tinsky alijifunza kazi New Jersey kwa Jack Weinberger, na mwaka 1978 yeye na mwenzake, Curt Rollar, wakafungua biashara yao wakaiita American Smoking Pipe Company. Baadaye Tinsky akahamia Montana, kwenye milima. Randy Wiley yuko Florida. Larry Roush yuko Ohio, na viko vyake ni vipana, vizito kwa macho, vyenye mabega. Jody Davis alikuwa mpiga gitaa katika kundi la nyimbo za Injili liitwalo Newsboys, habari ambayo niliwahi kuwasimulia wazee wa kanisa letu la Kilutheri, wanaohesabu tumbaku kuwa jirani wa pombe, wakanitazama kwa huruma.

Juu ya wote hao namweka J. T. Cooke wa Vermont, na sisemi hivyo kwa kufuata sifa za wengine. Wapo wachongaji ambao wakikuta doa katika mti huupulizia mchanga kwa nguvu ya upepo ili kulificha, na kwa muda mrefu kiko cha namna hiyo kilihesabiwa kuwa cha daraja la pili. Cooke aliigeuza kazi hiyo ya kuficha ikawa kazi ya kufichua. Hupuliza, husimama, hutazama, hupuliza tena kwa saa nyingi, mpaka nyama laini ya mti iondoke na pete za umri wake zisimame moja juu ya nyingine, kavu na kali, kiasi kwamba mtu aweza kuzihesabu kwa ukucha gizani. Nilipokishika kiko chake, ambacho hakikuwa changu wala hakingeweza kuwa changu kwa bei yake, nilimkumbuka mjomba na jiwe lake lenye mawingu, kwani wote wawili walikuwa na akili moja: hawakugombana na kasoro ya kitu, waliishika mkono wakaenda nayo.

Tofauti ilikuwa chini ya mrija. Pale kwenye kiko cha Cooke pamechongwa jina lake. Kwenye kiko cha mjomba palikuwa na tembo.

Simlaumu tembo. Viwanda vya duniani kote hufanya hivyo hivyo, na hata magunzi ya Missouri hayana jina la aliyeyakereza. Ila nimefikiri sana juu ya yaliyofuata. Kiwanda kinapofungwa Marekani, mkereza mwenye jina huondoka na jina lake, akaenda nalo bandani, wateja wakamfuata. Kiwanda kinapofungwa kwetu, chapa hubaki na wenye daftari, na fundi huondoka na mikono mitupu ijapokuwa ndani ya mikono hiyo mna ufundi wote. Biashara ya viko vya Arusha ilipofifia, mjomba alirudi kuchonga mipini. Alikuwa anaweza kutoboa matundu mawili yakakutana gizani ndani ya jiwe, na hapakuwa na mtu hata mmoja, tangu Sanawari ya Arusha hadi London, aliyejua kumtafuta.

Wala tusidhani kwamba kuficha jina ni mila yetu ya asili. Nilipopelekwa kufundisha Pangani nilizoea kukaa na mzee mmoja aliyevuta kiko cha maji cha kizamani, chenye kifuu cha nazi, digali ya mti na bori ya udongo. Na nilipoisifia bori, alinitajia papo hapo aliyeifinyanga, na jina la baba yake, na kwamba anakaa Bweni ng'ambo ya mto, na kwamba bori za dada yake hazifai kwa sababu hupasuka. Hiyo ndiyo hukumu ya soko lililo timamu. Mfinyanzi yule hakuandika jina popote, lakini lilisafiri na kazi yake mpaka pale ambapo kazi ilifika, na ninavyoona mimi, jina halihitaji kuchongwa maadam mnunuzi anakaa ng'ambo ya mto. Huhitaji kuchongwa mara tu mnunuzi anapokaa ng'ambo ya bahari.

Kuna jambo moja ambalo hunichekesha kila nipandapo na wageni njia ya Miriakamba. Juu ya msitu mkubwa, hewa inapoanza kuwa nyembamba, huja ukanda wa miti yenye majani membamba kama nywele na mandevu ya kuvu yaning'iniayo, na miongoni mwa miti hiyo imo Erica arborea, ndugu wa damu wa ule ambao mashina yake Tinsky na Wiley na Cooke huyanunua kwa bei ghali kutoka Italia na Ugiriki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipokosa mashina ya Bahari ya Kati, wachongaji wake walijaribu miti yao wenyewe, manzanita ya California na vichaka vya milima ya mashariki, vikawafaa kwa dharura. Sisi tulikuwa na mti wenyewe kichwani mwa mlima, tukaenda kuchimba jiwe tambarare. Na sasa mlima umo katika Hifadhi ya Taifa, tangu ulipoongezwa humo mwaka 1967, na haifai kung'oa hata kijiti, sheria ambayo naiunga mkono kwa moyo wote.

Madhara ya tumbaku siyaachi. Mwezi wa Januari 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti yake iliyothibitisha kwamba uvutaji wa sigara huleta saratani ya mapafu, na wavuta kiko walitajwa humo kwa saratani ya midomo. Nimemzika rafiki mmoja kwa maradhi hayo. Nikivisifu viko nasifu mkono uliovichonga, na kama kesho watu wote watatambua na kuacha kuvuta, kiko cha Cooke kitabaki kuwa kitu kizuri, kama vile upanga mzuri ubakivyo kuwa mzuri katika nchi yenye amani.

Sinya nimeifikia mara moja, nikiwa mtu mzima. Mashimo ya zamani yameshika maji, na tembo huyajia. Nikaona hilo ni haki yao, kwa kuwa walikopesha sura zao kwa muda mrefu bila malipo. Rafiki yangu wa Marekani aliwahi kuniletea picha ya kiko cha Arusha kilichokuwa kikiuzwa kwao katika duka la vitu vya kale: ngozi imechakaa, jiwe limeiva rangi ya asali, na karatasi iliyoambatana nacho ilieleza urefu, uzito, umbo, chapa na mji. Akaniuliza kama najua aliyekichonga. Ningependa kumjibu. Hata katika kurasa hizi mwenyewe simtaji mjomba kwa jina lake, kwa kuwa kwetu mdogo halitamki jina la mkubwa, na aliyezaa huitwa kwa mwanawe. Basi desturi na chapa zimesaidiana kumfunika, na mimi ninayelalamika ni mmoja wa wafunikaji.

Mjukuu wake anachonga mjini Arusha hivi sasa, twiga na vifaru vya mpingo kwa maduka ya watalii, na mkono wake ni mzuri. Nilimsimulia habari za hao Wamarekani, nikamshawishi aandike jina lake chini ya kitako cha kila kazi, hata kama ni kwa herufi ndogo. Akafanya hivyo kwa kifaru kimoja ambacho alikitolea jasho. Mnunuzi, bibi mmoja mgeni, alikipenda sana, akakigeuza, akaliona jina, akauliza kama hakuna kingine kisichoandikwa, kwa kuwa yeye alitaka kitu cha Afrika, siyo kitu cha mtu. Kijana hakubishana naye. Alichukua msasa, akalifuta jina mbele yake, akapaka nta, akampunguzia shilingi elfu mbili kwa usumbufu aliompa.